Pai Isiyo na Ngano

Elinipendo aliondoa makaa juu ya mfuniko wa sufuria, akaitoa pai ya matufaha. Alikuwa ameikanda kwa unga wa ndizi na muhogo, kwani ngano haikuingia tena nyumbani mwake tangu ilipokaribia kumuua binti yake.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mezani akingoja. Ndiye aliyesema mtoto anadeka tu, akamlisha maandazi kwa siri mpaka akalazwa. Juzi, daktari alikuwa amemkataza mama mkwe mwenyewe kula ngano.

Elinipendo alikata kipande kikubwa, akakiweka mbele yake. Matufaha yalichuruzika pembeni, yana rangi ya asali, yakitoa mvuke wa mdalasini.

"Hii haina ngano, mwanangu?"

Neno moja tu lingetosha. Lilimfika Elinipendo kwenye ncha ya ulimi, akalimeza.

"Kula tu, mama. Si ulisema ni kudeka?"

Yule mama aliinua kijiko, kisha akakishusha. Alikitazama kipande, akamtazama mkwewe, akakitazama tena. Alikuwa hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Elinipendo alivuta kiti, akaketi mkabala naye.