Kiti cha Wagonjwa

"Keti, mama," alisema Daktari Msabaha, macho yake kwenye faili.

Bi Mwanamvua alibaki amesimama, ameegemea mlango.

"Picha inaonyesha skrubu tulizokuwekea zimelegea tena, pale nyonga inapoungana na uti wa mgongo. Itabidi tukupasue mara ya tatu. Na sielewi. Hapa imeandikwa kila ulipokuja: anakaa vizuri, hana maumivu."

"Aliyesema hayo nani?"

"Wewe mwenyewe, mama."

Ni kweli, aliyasema. Kila kliniki kijana huyu mpole alimkaribisha kiti na kumuuliza hali, naye angemjibuje mtu anayemjulia hali? Alikaa, akauma meno, akasema, "Nzuri, mwanangu, alhamdulillah." Kisha alitoka nje akashika ukuta mpaka jasho likamkauka. Nyumbani, mwaka wa pili sasa, alikuwa akila amesimama, sahani juu ya kabati. Hilo hakuna aliyemuuliza.

Alikuwa amechoka. Hata adabu ilikuwa imemchosha.

"Keti basi, tuzungumze," daktari alisema tena, akimwonyesha kiti.

"Sikai, mwanangu. Siwezi. Sijaweza tangu mliponipasua mara ya kwanza."

Daktari alirudi nyuma kwenye faili, ukurasa baada ya ukurasa, akisoma mwandiko wake mwenyewe. Kisha aliweka kalamu chini, akasimama naye, wakabaki wanatazamana, kiti kitupu katikati yao.