Kiganja cha Manjano

"Damu hiyo!" Mama alilibwaga shati jeupe la shule juu ya meza ya mwalimu mkuu. "Mnaiona, au niwaletee miwani?"

Mgongoni mwa shati kulikuwa na alama ya kiganja kikubwa, cha mtu mzima, vidole vimetanuka. Vidole vyote vilikuwa vya njano isipokuwa gumba. Hilo mama alilidondoshea sabuni ya kufulia, na sasa lilikuwa jekundu kama kidonda kibichi.

"Nimetia sabuni kidogo tu, damu ikapanda juu. Mwanangu kapigwa mpaka damu imeingia kwenye nyuzi!"

Mwanawe alisimama ubavuni pake. Nyumbani na hata shuleni walimwita Chiriku, kwa kuwa hanyamazi hata usingizini. Tangu jana mama alipoliona lile shati, mdomo wake ulikuwa kama umeshonwa.

"Si damu, mama," alisema mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa mlangoni, hakuna aliyemkaribisha kiti. "Ni manjano. Jana tulisoma habari za vijidudu."

"Ahaa! Ndiyo maana kaja kuniambia mikono yangu ina wadudu. Mimi! Mimi ninayedeki mpaka dari!"

"Vijidudu havionekani, mama. Ndiyo maana niliwapaka watoto manjano viganjani, nikawaacha wacheze. Baadaye tukatafuta yamefika wapi: kwenye penseli, puani, kwenye kikombe cha maji, hata kwenye mlango wa ofisi hii. Manjano yakikutana na sabuni hugeuka mekundu, kwa hiyo mtoto anaona mwenyewe pa kusugua. Ila hayatoki haraka. Mpaka leo wanayo."

"Na mgongoni yalifikaje? Alijipiga mwenyewe?"

"Hapo sijui," alisema mwalimu.

"Hajui!" Mwalimu mkuu alicheka kicheko kifupi. Alikuwa ameegemea kiti, mkono wa kulia mfukoni mwa koti, kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza. Yeye ndiye aliyesimama kwenye kikao cha wazazi na kutangaza kwamba atakayempiga mtoto ataondoka siku hiyohiyo, na wazazi wakampigia makofi. "Mimi jana kutwa nilikuwa mkutanoni, hata kivuli changu hakikukanyaga hapa. Nageuza mgongo tu, naletewa aibu. Mwalimu, kanuni unaijua."

Aliijua. Aliijua pia nyumba ya shule aliyokaa na mama yake mgonjwa. Kazi ikienda, na ufunguo unakwenda.

"Muulizeni mtoto," alisema.

Mama aliinama. "Sema, mwanangu. Usiogope mtu. Nani alikupiga?"

Chiriku alitazama viatu vyake. "Mwalimu."

"Basi!" Mwalimu mkuu alidaka neno kabla halijatua. "Kasema kwa kinywa chake. Mwalimu. Tusimtese mtoto zaidi." Alisukuma karatasi mbele, kisha akamnyooshea mama kalamu. "Andika malalamiko yako, tia sahihi, mengine niachie mimi."

Mama aliitazama ile kalamu, hakuipokea.

"Unanipa kwa mkono wa kushoto? Nimekuja kulalamika, sikuja kuomba."

"Niwie radhi, mama. Wa kulia umeteguka."

Mama aliinyakua kalamu.

"Kabla hujaandika," mwalimu alisema. Alikwenda pembeni, pale walipowekewa wageni maji ya kunawa, akarudi na beseni, jagi na kipande cha sabuni. "Aliyeacha alama hii alikuwa na manjano kiganjani. Chiriku, lete mkono."

Alimmwagia maji, akampaka sabuni. Povu katika kile kiganja kidogo lilianza jeupe, likaiva, likawa jekundu. Mama alishtuka. Kisha akauvuta mkono wa mwanawe puani, akaunusa.

"Manjano," alikiri, kama anayemeza kidonge bila maji. "Haya. Na wewe je? Si ndiwe uliyewapaka?"

"Kwa brashi." Mwalimu alikunja mikono ya blauzi.

Mama hakumwachia anawe mwenyewe. Alimkamata viganja, akavigeuzageuza kama anayekagua samaki sokoni, akavisugua sabuni kwa nguvu za dobi. Povu lilikuwa jeupe. Alisugua tena. Jeupe.

"Na mimi, msije mkanisema," alinong'ona, akanawa. Jeupe.

"Huu ni mchezo wa kitoto!" Sauti ya mwalimu mkuu ilipanda ghafla. "Mtu kaoga usiku kucha, mnategemea nini? Mtoto kashataja. Andika, mama!"

"Ngoja kwanza, baba. Moto unawaka wapi?" Mama aliweka kalamu chini. "Chiriku, nitazame mimi. Si ulisema ni mwalimu?"

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Mwalimu si huyu? Kanawa, na mikono yake ni safi."

Chiriku aliokota sabuni kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa, isimteleze. Alimpita mwalimu wake. Aliizunguka meza polepole mpaka upande wa pili, akasimama mbele ya ule mfuko wa koti.

"Bado mwalimu huyu," alisema.