Siku Tulizopika

Bi Mashavu alikuja kliniki peke yake, akaweka mezani vidonge vya mumewe, Mzee Sefu.

"Nimevirudisha, vitamfaa mwingine," alisema. "Mwenyewe tulimzika Ijumaa."

Nesi Leokadia alivihesabu. Katika dawa ya mwezi mzima, vilikuwa vimepungua vinne tu. Akakumbuka jinsi alivyomkaripia mzee yule mbele ya watu kwamba anapuuza dawa, naye mzee akavua kofia, akaomba radhi.

"Kwa nini hakumeza, mama?"

"Ulimwambia ameze baada ya kula, mwanangu. Siku tulizopika, alimeza."

Hakulisema kwa lawama. Aliaga, akajifunga kanga yake vizuri, akaondoka.

Tangu hapo, kabla hajashika kalamu, Leokadia humuuliza kila mgonjwa, "Jana mlikula nini nyumbani?" Wengi hutazama sakafu. Amemwomba mganga mkuu unga wa kuwagawia, na sasa gunia moja huletwa kila Jumatatu.

Lakini mchana, kila anapofungua hotipoti yake ya wali, huhisi mtu amesimama mlangoni, kofia mkononi, akingoja kwa adabu aambiwe karibu.