Siku ya Kumuumbua Mkuu

Wenzake walipokwenda kula, Kibano alikiweka kipande cha maonyesho ya kesho kwenye sahani ya moto, akapandisha joto hadi mwisho.

Kwa miaka alikuwa akibandua fuwele kwa utepe wa gundi mpaka zibaki utando usioonekana kwa macho, akipandanisha tando mbili, kisha akiuzungusha wa juu kidogo tu, digrii moja na ushei. Pembe ikikaa sawa na kipande kikipozwa vikali, umeme hupita bila kizuizi chochote. Kikiungua, tando huteleza zikarudi kulala sambamba, na kazi yote imekwenda na maji. Maabara nzima hakuna aliyekishika kibano kama yeye, ndiyo maana wakampa jina hilo.

Lakini jarida la kisayansi lenye kazi hiyo lilipotoka, jina lake halikuwemo. Lilikuwemo la mkuu wa maabara, peke yake.

"Bado mdogo wewe, mwanangu," mkuu alimwambia. "Zamu yako itafika."

"Sawa, mzee," alijibu, huku moyoni akimlaani yeye na ukoo wake.

Kesho yake, siku ya maonyesho, alisimama nyuma ya ukumbi, roho kwatu. Wafadhili walijaa viti vya mbele, wapiga picha wakisukumana. Jukwaani lilisimama jokofu la maabara, kile kipande kimo ndani, na juu yake skrini ya kuonyesha ukinzani wa umeme. Mstari ulitakiwa uporomoke hadi sifuri. Leo haushuki ng'o! Mkuu ataumbuka mchana kweupe, na anayewapotezea wafadhili muda hapewi maabara tena. Na akome. Tangu asubuhi alikuwa akitabasamu tu, maskini.

Mkuu alishika maikrofoni.

"Ndugu wageni, nina jambo la kuungama. Kazi hii si yangu. Tangu mwanzo mpaka mwisho ni ya binti yule pale nyuma. Kipande ni chake, na leo atawaonyesha mwenyewe."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Kumbe mzee wa watu alikuwa na utu! Kibano alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipanda jukwaani machozi yakimlengalenga.

"Mzee, nisamehe," alinong'ona. "Tuahirishe, nakuomba."

Mkuu alimkumbatia mbele ya kamera, akamsogezea mdomo sikioni.

"Nilikipima asubuhi, kimekufa," alisema. "Washa."