Shati la Vifungo Saba

Shati la fundi lilikuwa na vifungo saba, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kikifanya kazi.

Alivishona mwenyewe juu ya matundu yaliyozibwa, vikakaa kama mabosi: vinang'aa, vimejipanga, kazi hamna. Kilichofunga shati kilikuwa kwa ndani, ile tepu ya kunata ya viatu vya watoto wa chekechea. Ukijipiga kifua kwa mkono, limefunga. Ukilivuta, limefunguka. Mtaa mzima ulidhani mzee bado anafunga vifungo vyake kama mwanamume mwingine yeyote.

Ilikuwa nguo ya mwisho kutoka kwenye cherehani chake. Miaka thelathini na mmoja aliwashonea watu sare, suti na magauni ya harusi, kisha vidole vikaanza kujikunja kimoja kimoja, kuanzia kile cha mwisho, kama watu wanaoondoka msibani bila kuaga. Sasa mikono yote miwili ilikuwa ngumi. Shati hilo alilisukuma chini ya sindano kwa viwiko, mkewe akitunga uzi na kukanyaga pedali.

Hospitali walimwambia ugonjwa wake humpata mtu mmoja katika watu laki kadhaa.

"Na mimi sijawahi kushinda hata soda ya kwenye kizibo," alisema fundi.

Walimtajia bingwa mmoja tu, wa mji mwingine. Ada ya kumwona, pamoja na nauli ya watu wawili, ilikuwa sawasawa na bei ya cherehani, kana kwamba bingwa alishapita nyumbani akakikagua.

Ukawa mjadala wa wiki tatu na wa watu watatu: fundi, mkewe, na shemeji yake, dereva wa lori mstaafu ambaye hakuwahi kualikwa ila alijua kunusa chai.

"Nikiuza cherehani nikapona, nitashonea nini?" aliuliza fundi.

"Na kikibaki usipopona, utashona kwa vidole vipi?" alijibu mkewe.

"Mpigieni simu kwanza," alisema shemeji. "Hata mbuzi humnunui bila kumtazama meno."

Mkewe akapiga, akaiweka simu mezani wote wasikie. Alipokea nesi.

"Daktari hashiki simu," alisema. "Na mkija, msimpe mkono. Hapendi."

"Anaringa," shemeji akanong'ona, kwa ule mnong'ono wa watu wa malori unaosikika hadi kwa jirani.

"Lakini ugonjwa huo," nesi akaendelea, "hakuna anayeujua kama yeye."

Fundi akaiinamia simu. "Ameshamponya mtu?"

Nesi alinyamaza kidogo. "Njooni muonane naye."

Fundi alikisikia kile kimya. Mtu aliyepima viuno vya watu miaka thelathini na mmoja anaijua namba inayofichwa.

"Hatuendi," akasema simu ilipokatika.

Mkewe alivuta sahani, akaanza kumlisha kama kila siku, kijiko baada ya kijiko. Cha tano kikasimama hewani.

"Mimi nina miaka sitini na miwili, baba watoto," alisema. "Nikitangulia, nani atakushikia kijiko?"

Shemeji akatazama ndani ya kikombe chake.

Cherehani kiliondoka Jumatatu. Sakafuni yalibaki mashimo manne ya miguu yake. Mkewe alipiga deki mara mbili, akaacha.

Bingwa alikuwa mtu wa makamo, koti jeupe limetupiwa mabegani, mikono mfukoni mwa suruali. Shati lake lilikuwa limefungwa hadi kifungo cha shingoni, kama la mtoto aliyevalishwa na mama yake kwenda kupigwa picha. Fundi aliliona hilo. Macho ya kazi hayastaafu.

Nesi ndiye aliyevishika vidole vya fundi, akavinyoosha, akaviachia vikarudi vilipokuwa. Nesi ndiye aliyeandika. Bingwa aliuliza tu.

"Ufunguo unaugeuza kwa meno?"

"Kwa meno."

"Dawa ya meno unaikamua kwa kiwiko?"

"Cha kushoto."

"Na kurasa za gazeti unazifunua kwa ulimi, mkeo akiwa hayupo."

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Hilo la gazeti hata nyumbani halikujulikana. Hospitali zote alizopita walisoma vyeti vyake. Huyu alikuwa akimsoma yeye. Mkewe akamkanyaga mguu taratibu chini ya meza: unaona sasa?

Nesi akatoka na mafaili. Walisubiri kusikia jina la dawa. Bingwa alikuwa anatazama kifua cha fundi.

"Hilo shati," akasema. "Hivyo vifungo ni vya uongo."

"Ndiyo, daktari."

"Nani kakushonea?"

"Nilishona mwenyewe. Kabla sijauza cherehani."

Bingwa akainuka, akausukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga. Akarudi kitini, akaitoa mikono mfukoni, ngumi mbili, akaiweka mezani mbele ya zile za fundi.

"Nilitaka nikuombe unishonee mawili," akasema. "Mwaka wa kumi na tatu huu nesi ananifungia vifungo."