Bangili ya Baba Tunu

Siku hizi kila mwenye ndoa huvaa bangili ya afya, na kila jioni taarifa zake huja kwenye simu ya mwenzake. Ya Baba Tunu imekuwa kijani miezi mitatu mfululizo: sukari sawa, presha sawa, akili imetulia. Lakini kitandani hanigusi. Mwanamume mzima hivyo asiponitaka mimi, si yupo anayemtaka?

Leo mwalimu wetu wa masomo ya jioni hakuja, nikawahi nyumbani. Nikaikuta bangili pajani mwa Tunu, mtoto wetu wa miezi minane, amelala fofofo.

"Baba Tunu, hii nini?"

Akainama. "Kwangu ingekuwa nyekundu. Ungeniona si mwanamume."

Nikamvalisha yeye mwenyewe. Nyekundu kweli: sukari imepanda, hofu imezidi. Nikacheka huku nalia.

"Kumbe unaumwa! Na mimi huyo hawara wako nilishampa hadi jina."

"Jina gani?"

"Nyamaza. Kesho zahanati, twende wote."

Simu yangu ikaita. Ofisi ya bangili. Sauti ya upole ikauliza, "Mama, miezi yote hii tulikuwa tunampima nani?"

Nikampakata Tunu, nikamsogezea simu.