Mkorosho wa Somoe

Shamba zima lilikuwa jeupe kwa ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua ya mikorosho. Likwata alimtembeza mama mkwe wake huku akiwalaani wakubwa wa kilimo, ambao dawa yao ya salfa ilifika maua yameshanyauka. Mkorosho mmoja tu ulikuwa umechanua salama, ule aliopanda marehemu mkewe, Somoe. Lakini shoka lilikuwa limenasa shinani.

“Nani anaukata, baba?”

“Wakubwa wameamuru, mama. Mikorosho ya zamani yote iondoke.”

“Na shoka hili ni la kwao?”

Likwata akaufunika mpini wa shoka lake kwa kiganja. Mama mkwe akalichomoa shoka, akavua mtandio wake, akaanza kulifunga lile jeraha. Mtandio haukutosha kuzunguka shina. Likwata akavua shati mbele ya mkwewe, akamnyooshea bila kumtazama.